Betri Ile Sikuiua Mimi

Shemeji yangu alifungua betri ya baiskeli yangu nikiwa sipo, akatoa seli nzima nilizozichagua kwa mikono yangu, akaweka mbovu, ikafungwa tena. Kisha akasimama uani mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyeiua. Hilo ndilo nililotendewa. Naliweka mwanzo kabisa ili asije mtu akasema nilizungukazunguka.

Mimi ni mke wa fundi baiskeli. Sikusoma. Kwetu madaftari yalinunuliwa ya kaka zangu, mimi nikapewa ufagio, na kusoma nilijifunza ukubwani kwenye maboksi ya vipuri. Niliolewa katika nyumba ambayo uani kwake hapana maua, pana fremu. Fremu zimeegemea ukuta, magurudumu yametundikwa kwenye misumari, na ukitoka kuanika nguo lazima uiname usije ukatobolewa jicho na usukani wa mtu. Mume wangu hutengeneza breki, hupachika spoki, huziba pancha. Ni mpole, wateja wanampenda, na anatumia mkono wa kushoto. Mama yake alijaribu kumwachisha utotoni, akamfunga kitambaa mkono ule, akashindwa. Mpaka leo spana za nyumba ile zimepangwa upande ambao mtu mwingine yeyote anapapasa hewa.

Mdogo wake ndiye tunayemwita Injinia. Hakusomea uinjinia wala hakusomea chochote. Jina alipewa na wateja kwa sababu ya maneno. Anaweza kukueleza jinsi mota inavyofanya kazi mpaka ukaondoka umeridhika, na ukifika kwako ndipo unakumbuka kwamba baiskeli yako bado haijatengenezwa.

Sitamnyima haki yake. Yeye ndiye aliyeleta mambo ya umeme pale uani. Unachukua baiskeli ya kawaida, unaweka gurudumu la nyuma lenye mota, unafunga kontrola, kile kiboksi kinachogawia mota umeme, chini ya tandiko, unaweka mkono wa mafuta kwenye usukani. Tunauita mkono wa mafuta ingawa mafuta hayamo. Kilichobaki ni betri, na hapo ndipo kwenye kazi. Betri mpya hatuna uwezo nayo, kwa hiyo tunaunda zetu kwa seli za laptopu zilizokufa. Mtu wa vyuma chakavu hutuletea gunia zima. Ukivunja betri ya laptopu unakuta ndani seli za mviringo, nene kidogo kuliko kidole gumba, zimelala pamoja kama watoto kitandani. Katika hao watoto wako wazima na wako waliokwisha kufa. Kwa macho wote ni sawa.

Kuzichagua ilikuwa kazi yangu. Hakunipa mtu, niliichukua kwa sababu walikuwa wanaifanya vibaya.

Wao walikuwa wanapima kwa mita. Unaichaji seli, unagusisha nyaya mbili za mita, unasoma volti, ukiona zimetimia unasema nzima. Lakini mita inaipima seli ikiwa imelala. Mgonjwa ukimsalimia kitandani atakuambia hajambo. Mpe ndoo ya maji aipandishe ngazi ndipo utajua. Seli nayo ni hivyo. Swali si ina nini ikiwa imetulia, swali ni ikidaiwa itatoa kwa muda gani kabla ya kulegea. Betri ya baiskeli ina seli nyingi zilizoshikana mikono, na penye seli dhaifu, kundi lake linazama kabla ya mengine, na kontrola ikiona hivyo inakata umeme. Mota inazima ukiwa katikati ya mlima na mzigo mgongoni.

Basi nikatengeneza ubao. Nilipigilia misumari safu mbili, nikaunganisha balbu za tochi za kizamani, zile zenye uzi ndani, na kila seli nikaibana kwenye misumari yake kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Asubuhi nikiweka sufuria ya maharage kwenye jiko la mkaa, naweka na seli kwenye ubao. Balbu zinawaka. Zile zinazofifia kabla povu la kwanza halijatoka, seli zake naziondoa zikiwa bado baridi, nazitupa kwenye beseni la mbovu. Zinazofika katikati ni za tochi na redio. Zinazoendelea kuwaka vizuri mpaka maharage yanapondeka kidoleni, hizo ndizo za baiskeli.

Mama mkwe wangu alikuwa akifunua sufuria anaguna. "Maharage tena?"

"Mama, gunia jipya limekuja."

"Basi mwambie huyo wa vyuma chakavu siku moja alete gunia la nyama."

Kuna jambo moja ambalo sikulipanga, lilijitokeza lenyewe. Seli inayotoa umeme kwa muda mrefu inapata joto, si la kuunguza, la kama shavu la mtoto mwenye homa. Ule mpira ukikaa umeibana muda wote huo juu ya joto, unaacha alama kwenye ganda lake la plastiki. Ni pete nyeusi, imefifia, lakini haitoki hata uisugue kwa mafuta ya taa. Seli mbovu hazikuwa nayo, kwa sababu zilitolewa mapema, hazijapata joto. Sikuhitaji kuandika chochote. Seli yenye pete ilishavumilia maharage. Isiyo na pete haikuvumilia.

Mimi nilikuwa nabeba mayai. Jirani yetu, tunayemwita Mama Mayai, ana mabanda ya kuku, na maduka yanayonunua mayai yake mengi yako juu ya mlima wenye tangi la maji. Nilibeba kwa baiskeli ya kukanyaga mpaka magoti yakaanza kunisemesha. Ndipo nikaamua kuunda betri yangu. Sikuchukua seli za gunia moja. Katika kila gunia nilichukua zile ambazo balbu zake zilikuwa bado zinang'aa hata baada ya maharage kuiva, zile zilizodumu mpaka vitunguu vya kuungia navyo vikaiva. Nikazikusanya kwa subira. Nikazipanga, nikachomea mwenyewe vibati vya kuziunganisha, nikaweka kwenye boksi la bati, nikalizungushia utepe mweusi. Siku niliyoipandisha mlima wa tangi na trei zote za mayai nyuma, ilipanda kama mtu aliyeitwa kula.

Injinia aliizunguka baiskeli ile akiitazama. "Shemeji, hii betri yako imekula nini?"

"Maharage."

Akacheka. Lakini nilimwona jinsi alivyoweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo.

Baadaye kidogo akaja mwenye mkate. Huyo ni mtu mwenye kiwanda cha kuoka mikate, na vijana wake husambaza kwa baiskeli. Alitaka baiskeli za umeme kwa wasambazaji wote. Alikuwa ameshasikia habari za ubao wangu kwa Mama Mayai, kwa hiyo neno lake la kwanza alipoingia uani lilikuwa, "Yuko wapi mama wa balbu?" Nilitoka jikoni nikifuta mikono. Akaniuliza maswali, nikamjibu, nikamwonyesha ubao unavyofanya kazi. Akasema atarudi mwisho wa wiki aone baiskeli ya Injinia ikipanda mlima na kreti za mkate, na ikipanda, kazi ni yetu, na kuchagua seli zote itakuwa kazi yangu mimi. Alisema hivyo mbele ya watu wote. Katika maisha yangu nimepewa kazi nyingi, lakini hiyo ndiyo ya kwanza niliyopewa kwa sababu ya ninachokijua.

Injinia alijua kwamba baiskeli yake haitapanda. Seli zake alizichagua kwa mita.

Siku zile dada yangu akaugua, nikaenda kumuuguza. Niliporudi nilikuta baiskeli yangu imesimama palepale nilipoiacha, imefutwa vumbi. Hilo peke yake lingenitosha kushtuka, maana katika nyumba ile hakuna anayefuta baiskeli ya mwenzake. Lakini nilikuwa nimechoka, nikajiambia labda ni mume wangu, labda alinikumbuka. Nikaichomeka kwenye chaja. Asubuhi taa ya chaja ilikuwa ya kijani, nikapakia mayai nikaondoka.

Kwenye barabara tambarare ilikwenda. Nilipofika mlima wa tangi nikavuta mkono wa mafuta, ikapanda kidogo, kisha kimya. Mota imezima. Nikaachia, nikasubiri, ikarudi, nikavuta tena, ikazima. Ukiiacha inapumua, inajifanya mzima. Ukiidai inazirai. Mara ya tatu ilikata nikiwa nimesimama kwenye pedali, baiskeli ikarudi kinyumenyume, ikalala, nami juu yake, na mayai kila mahali. Nilirudi nyumbani naisukuma, sketi imeganda kwa ute, nzi wananifuata kama wamealikwa.

Mwenye mkate alikuwepo. Walikuwa ndiyo kwanza wanatoka mlimani. Baiskeli ya Injinia ilikuwa imepanda na kreti zote, na Injinia alikuwa anang'aa uso mzima. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Shemeji, umekwenda kuuza mayai au kuyaoga?"

Watu wakacheka. Nikasema betri imekata mlimani. Akachukua mita, akagusisha nyaya, akamwonyesha mwenye mkate. "Tazama, bosi. Volti zote zipo. Mita haina shemeji." Akainua gurudumu la nyuma, akavuta mkono wa mafuta, gurudumu likazunguka hewani kwa mlio mzuri. Watu wakapiga makofi. Sijui kwa nini watu hupigia makofi gurudumu linalozunguka hewani. Hewani halibebi kitu.

"Betri nzima," Injinia akasema. "Mwendeshaji ndiye mbovu."

Mmoja wa wasambazaji wa mkate akasema ngoja aijaribu. Akaweka kreti, akatoka nayo hadi kwenye mwinuko ulio mbele ya nyumba. Ikakata. Akaachia, akavuta, ikakata. Akarudi anatikisa kichwa.

Hapo Injinia angenyamaza. Lakini yule hana breki mdomoni. Alibadilisha bila hata kumeza mate. "Basi ameiua. Ameiua kwa chaja. Huyu shemeji yangu ana mkono wa kuua, bosi, mimi nilikuwa nasitiri tu mambo ya nyumbani. Kila betri anayoigusa inakufa."

Sasa hivi betri ilikuwa nzima, sasa hivi imekufa, na zote mbili kosa ni langu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakaza spoki ambayo haikulegea.

Mwenye mkate hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai isitiwe sukari, "Huyo mama asiguse betri zangu." Wakaandikiana na Injinia, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo jina langu mtaani likawa Mkono wa Kuua. Wenye baiskeli waliokuwa wakiniletea seli niwachagulie wakaacha. Mmoja alikuja kuchukua zake kabla sijaziweka kwenye ubao, akazihesabu mbele yangu kama mtu anayetoa watoto wake mahali penye surua.

Nilifungua betri yangu siku iliyofuata, mama mkwe akiwa amekaa upande wa pili anachambua mchele. Nilianza kuubandua utepe mweusi na mkono wangu ukakataa. Niliubandua kama nilivyouzungusha, na haukuja. Ulikuwa umezungushwa upande mwingine.

Mimi natumia mkono wa kulia. Injinia anatumia mkono wa kulia. Nilikaa nimeshika lile boksi mapajani. Mama mkwe akauliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Hakuna kitu, mama." Nikaendelea kufungua.

Ndani, seli zilikuwa safi. Safi kabisa, zinateleza, hazina alama. Nilizitoa moja moja nikazigeuza kwenye mwanga. Hakuna hata moja yenye pete. Hizi hazikuwahi kuvumilia maharage. Hizi ni zile nilizozitoa mimi mwenyewe kwenye ubao zikiwa baridi nikazitupa kwenye beseni la mbovu. Betri inaweza kuuawa kwa chaja, nakubali, nimeona. Lakini chaja haifuti pete.

Nilisubiri Jumapili, uani unapojaa. Nilipanga seli zile kwenye sinia, na pembeni nikaweka nyingine chache kutoka beseni la nzuri, zenye pete zao. Wateja walikuwepo, Mama Mayai alikuwepo, mama mkwe kwenye kigoda chake, mume wangu na gurudumu lake. Injinia alikuwa anahubiri habari za mota.

Nikaweka sinia mbele yake. "Shemeji, hizi ndizo seli zilizokuwa kwenye betri yangu. Zinaonyesha hazikuwahi kupita mikononi mwangu zikaitwa nzima. Zangu zina pete. Hizi hazina."

"Pete gani?" akasema. "Ya ndoa au ya uchumba?"

Wakavunjika mbavu. Nilisubiri wamalize. Nikachukua seli moja yenye pete, nikampa Mama Mayai pamoja na kitambaa chenye mafuta ya taa. "Sugua."

Mama Mayai ana mikono ya kuosha mabanda. Akasugua. Akaangalia, akasugua tena, akampa mwanamume aliyekaa karibu naye. Yule naye akasugua. Pete haikutoka. Kicheko kikapungua, watu wakaanza kupokezana seli, zenye pete na zisizo na pete, wanazigeuza.

"Sasa zile zenye pete za betri yake ziko wapi?" Mama Mayai akauliza, kama mtu anayeuliza saa.

Injinia akasema, "Nyie mnamsikiliza mtu aliyeanguka na mayai. Alama za mpira. Kesho atawaonyesha alama za vidole vya malaika. Muulizeni kaka. Kaka alikuwepo hapa siku zote, boksi lile nani aliligusa?"

Wote wakamgeukia mume wangu. Hakuinua macho. "Mimi sijui," akasema. "Sikuona mtu."

Nimeishi na mtu huyu tangu nina nywele nyeusi zote. Nimemwosha akiwa mgonjwa, nimemzalia, nimemtetea kwa mama yake. Sauti yake akidanganya naijua. Inakuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili.

Sikupiga kelele. Nilichukua pampu ya baiskeli yenye mpini uliopasuka na gombo la utepe mweusi, nikampelekea. "Baba watoto," nikamwambia, "nifungie hapa, umepasuka."

Akapokea bila kufikiri. Mtu wa kazi ukimpa kazi anapokea. Akabana pampu magotini, akavuta utepe kwa mkono wa kushoto, akazungusha mara moja, mara ya pili. Mimi nikaweka lile boksi langu pale chini, mbele ya miguu yake, na kipande cha utepe wa zamani bado kimening'inia kwenye kona yake. Upande ule ule.

Akauona. Mkono ukasimama. Akaiweka pampu chini taratibu, akaficha mkono wa kushoto chini ya paja, mtu mzima mwenye mvi.

Sidhani kama wateja walielewa. Mama Mayai labda. Lakini mama yake alielewa. Yeye ndiye aliyeufunga mkono ule kitambaa. Aliitazama pampu, akalitazama boksi, akamtazama mwanawe. Akainuka kwenye kigoda, akaingia ndani, akafunga mlango, na siku hiyo hakula.

Injinia akasema, "Haya, sinema imekwisha, nani ana pancha?" Na uani pakarudi kuwa uani.

Jioni nikiwa naanua nguo mume wangu alinifuata. Akasimama upande wa pili wa shuka, nikawa naona miguu yake tu.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Kazi ya mkate ilikuwa ya nyumba nzima. Alisema anaazima seli zako za jaribio la mlimani tu, atazirudisha kabla hujarudi."

"Na hakuzirudisha."

"Hakuzirudisha."

"Na aliposema mimi ndiye niliyeua, wewe ulikuwa na nini mdomoni? Spoki?"

Akasogeza miguu. Kisha akasema, "Nilidhani hutajua."

Nimelifikiria sana neno hilo. Angesema aliogopa, ningeelewa. Angesema alitaka kula mkate, ningeelewa. Lakini alidhani sitajua. Kitu nilichokiunda mwenyewe, kwa seli nilizokaa nazo jikoni gunia baada ya gunia, alidhani wataweka takataka ndani nami sitajua. Nikamwambia, "Shika hili shuka upande huo," tukalikunja, nikaingia ndani.

Baiskeli za mkate ziliundwa. Seli zilichaguliwa kwa mita. Magurudumu yalizungushwa hewani, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Mwanzoni zilikwenda vizuri, maana kila kitu kikiwa kimeshiba kinakwenda. Kisha zikaanza kukata. Siku moja nilikuwa napanda mlima wa tangi na mayai, kwa betri nyingine niliyoiunda, boksi lake sasa lina kufuli na ufunguo nauvaa shingoni, nikamkuta msambazaji amesimama katikati ya mlima na kreti zake. Siku nyingine wawili. Sasa hivi ukipita pale asubuhi utadhani ni msafara, vijana wanasukuma baiskeli za umeme kwa miguu, zimekuwa nzito kuliko zile za zamani kwa sababu ya mota na betri.

Mmoja aliniita. "Mama, inazima tu. Mita inasema imejaa."

Yeye hakunikosea kitu. Nilimwambia, "Iache ipumue, halafu usivute mafuta yote mara moja, ibembeleze. Utafika. Ukirudi mwambie aliyekuundia."

Wamemwambia. Mwenye mkate naye amemwambia, na nasikia hakumwambia kwa upole. Ndipo wajumbe wakaanza kuja jikoni kwangu. Kwanza ulikuja ubao wangu, ambao walikuwa wameutupa nyuma ya fremu. Niliukuta asubuhi mlangoni umefutwa vumbi. Watu wale wakitaka kitu kwako wanafuta vumbi. Kisha akaja mume wangu. Akasema Injinia anaomba niwachagulie seli upya, betri zote za mkate, na kwamba watanipa nafasi yangu kama alivyosema bosi mwanzo.

"Anaomba kupitia mdomo wako?"

"Anaona aibu."

"Aibu yake ni ya kuja kwangu tu? Siku ile uani hakuwa nayo."

Kisha akaja mama mkwe mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda changu, akafunua sufuria kwa mazoea. "Leo si maharage," akasema.

"Si maharage, mama. Sina seli za kupima."

Akabaki na kifuniko mkononi. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye akili katika nyumba hii. Yamalize. Watu watatucheka."

"Walishacheka, mama. Walinicheka mimi. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliuona utepe."

Alirudisha kifuniko. "Niliuona," akasema. "Mkono ule naujua kabla yako." Na hakuniomba tena. Alipotoka alipita mbele ya Injinia bila kumwitikia, na mpaka leo chakula chake anampakulia mtu mwingine.

Injinia mwenyewe alikuja mwisho, na sabuni za kufulia kwenye mfuko, kama mtu anayetembelea mzazi. "Shemeji, tusameheane," akasema pale mlangoni pa jiko, kwa sauti ya chini.

"Unasema kwa nini polepole? Siku ile ulikuwa na sauti."

"Shemeji, mambo ya nyumbani."

"Uliyasema uani. Kasemee uani."

"Nikisema pale, nani ataniletea baiskeli tena?"

"Na mimi waliacha kuniletea seli. Hukuuliza swali hilo."

Aliondoka na sabuni zake. Hata hizo hakuziacha.

Ubao wangu sasa uko juu ya kabati, nimeufunika kwa kanga. Balbu zote ni nzima. Magunia ya vyuma chakavu yanaendelea kuja, yanapimwa kwa mita, na asubuhi kabla jua halijawa kali nawaona wale vijana wa mkate mlimani wameinamia usukani, wanasukuma. Nawapita. Betri yangu haikati. Najua watu wanasema nina roho ngumu, nyumba nzima ingekula kama ningekubali. Waseme. Nilipoitwa Mkono wa Kuua nyumba nzima ilikuwa inakula vizuri, na hakuna aliyeona chakula kimemkaba.

Seli zangu simdai. Amezitumia, zimeshachoka, na mimi najua kuchagua nyingine. Sabuni simdai. Injinia anadaiwa sentensi moja, Jumapili, uani, watu wakiwa wamejaa na mwenye mkate akiwemo, kwa sauti ile ile aliyonipakazia: kwamba betri ile haikuuawa na mimi, ilifunguliwa na yeye. Na mume wangu anadaiwa kusimama hapo hapo, mbele ya mama yake, autoe mkono wa kushoto chini ya paja, aseme utepe aliuzungusha nani. Siku watakaponilipa hayo mawili, nitashusha ubao na kuweka maharage jikoni.